Oili ikidondoka uani, kuongeza si kutengeneza

KWA miezi minne, kila Jumamosi jioni, baba mmoja wa milimani Lushoto alikuwa na kazi ileile. Anaingia uvunguni mwa Land Rover yake ya zamani, 109 Series III, anaongeza oili kwenye giaboksi, anajifuta mikono kwa tambara na kutoka. Mkewe akimuuliza, jibu lilikuwa moja.

"Gari limezeeka hili, mke wangu. Mzee hakosi kutokwa jasho."

Na kweli limezeeka. Series III zilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Lakini gari hilo ndilo lililokuwa likishusha kabichi na karoti hadi Mombo siku za soko, na fedha hizo ndizo zilizolipa sare na madaftari. Usiku mmoja lilimpeleka hospitali jirani aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua. Hakuna aliyetaka kulisema vibaya.

Doa jeusi lililokuwa chini yake uani likawa kubwa kama sinia. Mama akalifunika kwa kipande cha gunia ili watoto wasikanyage na kuingiza uchafu ndani. Maisha yakaendelea.

Hadi Jumapili moja baada ya chakula cha mchana. Ua wa nyumba hiyo, kama nyua nyingi za milimani, umeinama kidogo kuelekea jikoni. Gari lilikuwa limeegeshwa juu, hendibreki imevutwa hadi mwisho. Mtoto wa mwisho, mwenye miaka mitano, alipitia nyuma ya gari kuufuata mpira wake wa makaratasi. Gari likaanza kurudi nyuma, polepole, bila sauti. Lilikwenda kiasi cha hatua moja, tairi likagota kwenye tofali lililobaki hapo tangu ukuta ulipojengwa.

Mtoto alitoka na mpira wake, hakujua lolote. Mama aliona yote akiwa mlangoni mwa jiko. Hakupiga kelele. Alikwenda, akambeba mtoto, akamwingiza ndani. Kisha akarudi akasimama mbele ya mumewe.

"Baba watoto, kuanzia leo gari hilo lisisimame hapa."

Baba alisema hendibreki imelegea tu, ataikaza. Binti yao mkubwa, aliyekuwa kidato cha pili, alikuwa anaosha vyombo pembeni. Akauliza:

"Baba, hendibreki si ilianza kulegea wakati uleule oili ilipoanza kudondoka?"

Baba akamjibu kwamba hayo ni mambo mawili tofauti, oili ni ya giaboksi na breki ni breki. Lakini usiku ule hakulala vizuri.

Breki isiyokaa kwenye tairi

Kesho yake jioni alimwita mzee mmoja jirani, fundi aliyestaafu baada ya miaka mingi ya kushika spana.

"Shikamoo, babu," binti akamsalimu huku akimsogezea kigoda.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Mzee hakuanza kwa kuingia uvunguni. Alisikiliza kwanza habari yote, ya oili na ya tofali. Aliposikia swali la binti akatabasamu.

"Huyu ameona," akasema. "Oili na hendibreki ya gari hili vinakaa nyumba moja."

Akawaeleza. Kwenye magari mengi madogo ya siku hizi, hendibreki hushika magurudumu ya nyuma. Kwenye Land Rover za aina hii sivyo. Nyuma ya giaboksi kuna boksi la pili, ambalo mafundi huliita transfa. Ndilo linalogawa nguvu ya injini kwenda mbele na nyuma. Propela shafti ya nyuma inaanzia hapo, na mwanzo wake ndipo ilipo dramu ya hendibreki. Ukivuta mkono wa breki, breki shuu mbili zinaibana dramu ile, propela shafti inazuiwa kuzunguka na gari linasimama.

Sasa, shafti inapotoka kwenye transfa hupita katikati ya sili ya mpira inayozuia oili isitoke. Sili ile ikichoka, oili haina pengine pa kwenda ila kwenye dramu. Breki shuu zinalowa. Na breki shuu iliyolowa oili, hata mkono uvutwe kwa nguvu kiasi gani, inateleza.

"Kwa hiyo nilikuwa naongeza oili ili ikailoweshe breki," baba akasema taratibu.

"Hatujui bado," mzee akajibu. "Tutajua Jumamosi. Mpaka hapo, gari lilale sehemu tambarare, liachwe kwenye gia, na tairi liwekewe mawe mbele na nyuma."

Poda ya mtoto

Jumamosi asubuhi baba alikuwa tayari na zana zake. Spana, bisibisi, nyundo, jeki, na kopo jipya la silikoni ya kuzibia. Mara mbili alikuwa amekwishapaka silikoni kwenye kava la chini la transfa kwa nje, na mara mbili oili ilirudi.

Mzee aliiweka silikoni kando. Oili inasukumwa kutoka ndani, akasema, na silikoni inayopakwa juu ya chuma chenye mafuta haishiki. Anayetaka kuziba kava sharti amwage oili, alifungue, asafishe nyuso zote mbili, abadilishe gasketi, kisha akaze boliti kwa zamu na kwa kiasi. Hausingi ya giaboksi hii ni ya aluminiamu, chuma laini. Anayekaza kwa hasira hung'oa meno ya boliti, na hapo ndipo uvujaji mdogo unapogeuka gharama kubwa.

Lakini kabla ya kufungua chochote, sharti ijulikane oili inatoka wapi. Mahali inapodondokea si lazima pawe mahali inapotokea. Gari likiwa mwendoni, upepo wa chini huisukuma oili kwenda nyuma, nayo hufuata kingo za chuma hadi ipate pa kuning'inia. Ndiyo maana uvungu mzima huwa mweusi, na kila sehemu inaonekana ni mkosaji.

Wakasafisha. Baba alitaka kutumia petroli, mzee akakataa kabisa. Mvuke wa petroli hujaa uvunguni, na cheche moja ya spana inatosha. Walitumia mafuta ya taa kidogo, brashi ya zamani na kisu butu cha kukwangua, kisha maji ya sabuni.

Mafuta ya taa yalikuwa yamekuja kwenye chupa ya soda. Mama alipoiona aliichukua palepale, akayamimina kwenye kopo la bati na kuiharibu chupa. Alikuwa sahihi. Mtoto mdogo akiona chupa ya soda anajua ni soda. Na mtoto akinywa mafuta ya taa hatapishwi, maana yakirudi njiani yanaweza kuingia kwenye mapafu. Anakimbizwa hospitali mara moja.

Chuma kilipokauka, mzee akaomba poda.

"Poda gani, babu?" binti akauliza.

"Ya mtoto. Ile ya kupaka baada ya kuoga."

Akaipuliza kuzunguka transfa yote: kwenye kava la chini, kwenye maungio ya hausingi, na nyuma karibu na dramu. Uvungu ukawa mweupe kama umemwagiwa unga. Baba akaliendesha gari robo saa hivi ili oili ipate moto na kuwa nyepesi. Breki ya mguu ilikuwa nzima, maana hiyo inafanya kazi kwenye magurudumu yenyewe. Akarudi, akaegesha sehemu tambarare, mawe yakawekwa, na boksi la karatasi likatandikwa chini.

Binti ndiye aliyetangulia kuinama na tochi.

"Kava la chini ni jeupe, baba. Kavu kabisa." Akasogeza mwanga nyuma. "Hapa. Mstari unatoka nyuma ya dramu."

Poda ilikuwa imelowa kwa mstari mmoja, unaoshuka kutoka nyuma ya dramu hadi ukingo wa chini. Hausingi haikuwa na ufa. Kava halikuwa na kosa. Mara zote mbili baba alikuwa ameziba sehemu isiyovuja.

Jeki ikabaki pembeni

Baba akavuta jeki ainue tairi moja la nyuma apate nafasi. Mzee akaushika mkono wake.

"Weka chini, mwanangu. Hiyo ndiyo imewaumiza watu."

Sababu yake inafaa kujulikana na kila mwenye gari la aina hii. Hendibreki inashika propela shafti, haishiki tairi. Kati ya propela shafti na matairi kuna difu, ambayo kazi yake ni kuruhusu tairi moja lizunguke tofauti na jingine. Tairi moja la nyuma likiinuliwa, lile lililoko hewani linaweza kuzunguka lenyewe, na gari likaondoka hata kama hendibreki ni mpya na imevutwa hadi mwisho. Na propela shafti ya nyuma ikifunguliwa, breki ile inabaki kushika chuma kisichounganishwa na chochote. Kuanzia hapo, kinacholizuia gari ni mawe tu.

Kwa bahati Land Rover ni refu, mtu anaingia uvunguni bila kuliinua. Waliweka mawe mbele na nyuma ya matairi yote manne. Baba akalisukuma gari kwa bega, kisha mzee naye akalisukuma. Halikutikisika. Ndipo wakaingia. Mtoto mdogo na rafiki zake walipelekwa kucheza upande wa pili wa nyumba, na mama akakaa nao.

Kazi ilifuata utaratibu. Kwanza walifungua nati ya pembeni ya kujazia oili, ndipo wakafungua ya chini ya kumwagia. Mzee alisisitiza hilo. Mtu akimwaga oili kwanza, kisha akagundua nati ya kujazia imeshikwa na kutu na haifunguki, gari limeshamfia uani.

Transfa ya gari hili inachukua lita 2.5 za oili ya gia namba 90, na giaboksi yenyewe lita 1.5. Beseni lilipopimwa, oili iliyotoka haikufika lita moja na nusu. Pamoja na kuongeza kila wiki, gia zilikuwa zikizunguka na nusu ya mlo wake. Mzee aliisugua oili kati ya vidole akitafuta vipande vya chuma. Hakukuwa na vipande. Gari lilikuwa limewavumilia.

Kabla ya kufungua nati nne za propela shafti, zinahitajika alama ili irudi kama ilivyokuwa, vinginevyo inaweza kuleta mtetemo. Binti alileta rangi ya kucha ya mama yake, nyekundu, akapaka mstari mmoja juu ya vyuma vyote viwili. Propela shafti ikafungwa kwa kamba isining'inie.

Dramu ilipotoka, ndani yake kulikuwa na tope jeusi la oili na vumbi la breki. Baba alivuta pumzi apulize.

"Usipulize," mzee akasema. Breki shuu za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asibesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Wakalilowesha kwa maji ya sabuni, wakalifuta kwa matambara, na matambara yakafungwa kwenye mfuko wa plastiki.

Baada ya hapo ikatoka pini, nati kubwa, na flenji inayoingia ndani ya sili. Mzee aliisafisha flenji, akampa binti.

"Pitisha ukucha hapo panapong'aa."

Binti akapitisha. "Unanasa, babu. Kuna mfereji."

Mdomo wa sili, kwa miaka yote hiyo, ulikuwa umekula chuma na kuchimba mfereji mwembamba. Sili mpya ingewekwa juu ya mfereji uleule, ingevuja baada ya wiki chache, na baba angemlaumu aliyemuuzia. Kwa hiyo kazi ilisimama siku hiyo. Gari likaachwa na mawe yake, na Jumatatu baba akaenda kwa wauza vipuri vya mtumba akiwa na flenji ya zamani mkononi ya kulinganishia. Alizipitishia ukucha flenji tatu kabla ya kupata iliyo laini. Alinunua pia sili mpya, breki shuu mpya na pini mpya. Za zamani hazikufaa kuoshwa, kwa sababu breki shuu ikishanyonya oili, huirudisha tena ikipata moto.

Jumamosi iliyofuata walimaliza. Sili iliingizwa upande wenye springi ukitazama ndani kwenye oili, mdomo wake ukiwa umepakwa oili kidogo usianze kazi mkavu. Iligongwa kwa kipande cha mbao, kidogo huku na kidogo kule, hadi ikakaa sawa. Breki shuu zikafungwa kwa mikono iliyonawa kwanza. Dramu ikarudi, breki ikarekebishwa hadi shuu ziguse kisha zikaachiwa kidogo dramu izunguke. Mistari ya rangi ya kucha ikakutana. Oili ikajazwa hadi ilipoanza kuchuruzika kwenye tundu la pembeni, maana hapo ndipo mwisho wake. Ikizidi, nayo hutafuta pa kutokea.

Oili chafu ilitiwa kwenye dumu, likaandikwa, na baba akalipeleka gereji wanakokusanya. Haikumwagwa kwenye mfereji wa maji ya bustani.

Jiwe lilikuwa mjini

Jioni baba alilijaribu gari kwenye mteremko wa barabara, mbali na watu, mguu wake ukiwa karibu na breki. Akavuta hendibreki, akaachia mguu. Gari likasimama.

Mzee alipoaga, alimwambia binti kwamba swali lake la Jumapili ile ndilo lililotengeneza gari, yeye alikuja kushika spana tu. Binti akacheka, akamsindikiza hadi njiani.

Usiku, watoto wakiwa wamelala, baba alimwambia mkewe jambo alilokuwa amelibeba wiki mbili.

"Nilijua kwamba haishiki. Si siku ile, tangu zamani. Nikienda sokoni Mombo nilikuwa nashuka na jiwe naweka kwenye tairi, kwa sababu pale kuna watu na magari ya watu. Hapa nyumbani nilikuwa siweki."

Mama alinyamaza muda.

"Hapa nyumbani ndipo walipo watoto," akasema.

"Najua."

Hakuna aliyeongeza neno. Lakini asubuhi palikuwa na mawe mawili karibu na gari, makubwa, yaliyopakwa chokaa ili yaonekane hata gizani. Binti ndiye aliyeyapaka. Hendibreki sasa inashika, hata hivyo kila gari likisimama mawe yanawekwa, na kuyaweka ni kazi ya aliyekuwa akiendesha, si ya mtoto.

Boksi la karatasi bado linatandikwa chini kila Jumamosi. Wiki ya kwanza lilikuwa na tone moja, oili iliyokuwa imebaki kwenye kingo. Wiki ya pili lilikuwa kavu. Baba bado anaingia uvunguni kila Jumamosi kupima oili, na siku hizi binti anamshikia tochi.

Kipande cha gunia kimeondolewa. Doa bado lipo, maana ardhi haisahau upesi, na mama amekataa lifukiwe.